Ona, Andika, Peleka

Mwanamke aliyenifundisha kumsaidia mama kumweka mtoto kwenye titi alishika mkia katika mtihani wa washauri wa unyonyeshaji. Tulikuwa watahiniwa tisa. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa bayolojia, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuwa amemkaribia mama mwenye mtoto mchanga tangu wajukuu wake walipoanza shule. Mimi, ambaye ni muuguzi, nilikuwa wa tatu. Yeye, mhudumu wa afya ya jamii kutoka mtaa wa Kaptembwo, alikuwa wa tisa, na ni yeye peke yake aliyeanguka.

Nitaeleza mambo jinsi yalivyofuatana, kwa sababu nimesikia yakisimuliwa vingine, hata na watu waliokuwepo.

Nilipohamishiwa kituo chetu cha afya, upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, nilikuwa nimetoka wodi ya wazazi na nilijiona najua kazi. Kituo kilikuwa na chumba kidogo cha akina mama wanaonyonyesha. Zamani kilikuwa stoo. Kilikuwa na viti viwili vya plastiki, pazia la kijani na sinki ambayo mfereji wake haukufunga vizuri. Wiki yangu ya kwanza aliletwa mama wa mtoto wa siku tatu. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka. Nilifanya kama nilivyozoea wodini: nilishika kichwa cha mtoto kwa mkono mmoja, titi kwa mkono mwingine, nikavikutanisha. Mtoto akajipinda na kulia zaidi. Nilijaribu mara tatu. Mama naye akaanza kulia.

Ndipo akaingia mwanamke wa makamo aliyevaa jaketi la wahudumu wa jamii, begi begani. Hakusogea karibu. Alisimama hatua mbili kutoka kwa mama, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi kwenye gwaride.

"Sasa, mama," alisema. "Pumzika kwanza. Shusha mabega. Usimfuate na titi, mlete yeye. Tumbo yake kwa tumbo yako. Ngoja afungue mdomo kama mtu ana usingizi. Ngoja. Bado. Haya, mlete."

Mtoto akashika. Chumba kikanyamaza.

"Mkae kimya nisikie," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Aliinamisha kichwa. Baada ya muda akasema, "Anameza. Mama, uchungu iko?"

"Haiko."

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumgusa mama wala mtoto. Alifunga begi lake bila kuniangalia. "Sista, mimi si mtu wa kugusa." Nilidhani ni adabu. Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka, mikono nyuma, na polepole nami nikaacha kusukuma vichwa vya watoto. Katika begi lake alikuwa na soksi nyeupe aliyoijaza vitambaa na kuishonea kifundo cha uzi wa kahawia mwishoni. Akitaka kuonyesha jinsi ya kupunguza maziwa, alilikamua titi hilo la soksi, na mama akamfuata kwenye titi lake mwenyewe. Neno kukamua hakulitumia. "Wengi wao wametoka kwa ng'ombe," aliniambia. "Ukimwambia akamue, anafikiria ndoo."

Kisha ikaja barua. Kuanzia tarehe fulani hakuna mtu ambaye angeruhusiwa kutoa ushauri katika chumba kile bila cheti. Mwenye cheti angepewa chumba hicho na kuandikwa rasmi kuwa mshauri wa kituo. Msimamizi wetu alimwita mhudumu yule mbele ya sisi sote.

"Mathe, chumba ni chako. Wewe fanya tu hiyo mtihani. Na mpaka uipate, hakuna kushauri mama, hapa wala kwa manyumba. Yule atapatikana, atarudisha begi na simu. Hiyo ni ya kila mtu, si wewe peke yako."

"Nimesikia," alisema.

Alikuwa na miaka tisa katika chumba kile, yote ya kujitolea. Kama angeshindwa, angerudi kuhesabu nyumba zenye vyoo na kuuliza nani ana kikohozi. Alijua hivyo, nasi tulijua.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa kukodi huko Milimani, mtaa wa wenye pesa. Alitembea kutoka Kaptembwo hadi mjini, kisha akapanda kwa miguu hadi kule juu, na kila asubuhi alikuwa ameketi kabla ya mkufunzi kufika. Milimani ni kimya. Siku ya kwanza nilimsikia akiteremsha sauti mara tu alipopita lango la kwanza lenye mbwa, na hakuipandisha tena kwa wiki mbili.

Tulitoka kazi mbalimbali. Wauguzi tulikuwa kadhaa. Kulikuwa na huyo mwalimu, mama mpole mwenye miwani ya kamba, aliyesema amechoka kukaa nyumbani na anataka kuwa na faida kwa watu. Kulikuwa na tabibu wa zahanati moja karibu na Kikopey, kule wasafiri husimama kula nyama choma, kijana mcheshi ambaye kila mtu alimwita daktari.

"Daktari, umetoka Kikopey na mikono mitupu?" mwalimu alimuuliza siku ya pili.

"Mwalimu, nikileta nyama hapa mtasahau maziwa."

Mkufunzi alipouliza swali, tabibu alijibu kwa jina la dawa kabla swali halijaisha. Mwalimu alinyoosha mkono na kutaja ukurasa. Sisi wauguzi tuliuliza ni fomu gani ya kujaza. Mhudumu wa jamii alinyamaza, isipokuwa akiulizwa yeye binafsi. Jibu lake halikubadilika sana.

"Mama ana homa na titi limekuwa jekundu upande mmoja," mkufunzi alisema. "Mathe, utafanya nini?"

"Nitampeleka kituo cha afya."

"Na kama ana vidonda kwenye chuchu?"

"Nitampeleka."

Tabibu alicheka. "Mathe, wewe ukiulizwa jina lako kwa mtihani, utaandika peleka."

Watu walicheka, naye akacheka kidogo. Mimi pia nilicheka. Jioni hiyo, wakati wa mazoezi, mkufunzi alileta mama halisi mwenye mtoto wa wiki mbili, na sisi wengine wote tukashindwa kumtuliza mtoto. Aliyefaulu ni yeye, mikono nyuma. Mkufunzi alimwangalia, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, wa kuchagua jibu moja kati ya manne, na majibu yaliwekwa alama kwa penseli kwenye karatasi inayosomwa na mashine. Matokeo yalipotoka, msimamizi wetu alisema, "Ni Kiingereza. Aliachia shule kidato cha pili." Nilikubaliana naye. Ilikuwa sababu rahisi, na haikumlaumu mtu.

Lakini niliujua usomaji wake. Alikuwa akinisomea barua za wizara za Kiingereza wakati miwani yangu imevunjika. Jumapili moja baada ya kanisa nilienda kwake Kaptembwo na kijitabu cha mazoezi tulichopewa sote. Chake alikuwa amekijaza chote kwa penseli kabla ya mtihani. Tuliketi nje ya mlango, kwa kuwa ndani mlikuwa na nguo za kukauka, nikamwomba anisomee swali na kunitafsiria. Alisoma, akatafsiri, hakukosea. Mama wa siku ya nne, matiti yamejaa na kuwa magumu kama mawe, mtoto hawezi kushika. Ufanye nini kwanza? Jibu la kwanza lilikuwa kumpa mtoto maziwa ya kopo. La pili, kumsaidia mama apunguze maziwa kidogo kwa mkono ili titi lilainike, kisha amweke mtoto. La tatu lilikuwa dawa ya maumivu. La nne, kumpeleka kwenye kituo cha afya.

Alikuwa amechagua la nne.

"Mama kama huyu akikuja pale kwa chumba, unafanya nini?" nilimuuliza.

"Namwambia apunguze kidogo. Titi inalainika, ndio anamweka mtoto."

"Si hiyo ndiyo jibu la pili?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mbona umechagua la nne?"

Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo kwa mgeni. "Sista, pale kwa chumba ni mimi na mama. Hii ni mtihani. Wenyewe wanaangalia."

Nikapitia kijitabu chake chote, ukurasa kwa ukurasa. Kila swali lililokuwa na jibu la kumpeleka mama mahali pengine, alikuwa amelichagua jibu hilo. Katika maswali yaliyobaki alikosea mawili tu. Mimi katika changu nilikuwa nimekosea mengi zaidi ya hapo, na siku ile niliyaangalia makosa yangu upya. Karibu yote yalikuwa ya aina moja: nilichagua kumchukua mtoto kutoka kwa mama, kumpima, kumweka mahali nimwangalie. Nikampigia simu tabibu, naye akakiri kwamba aliponea chupuchupu, na kwamba makosa yake yalikuwa kuchagua dawa. Kila mmoja wetu alikuwa amekosea kama alivyofunzwa. Tofauti ni kwamba watunga mtihani walikuwa wameweka jibu la mafunzo yake yeye karibu kila ukurasa, kama mtego, na la kwetu mara moja moja.

"Nani alikufundisha kila kitu ni kupeleka?" nilimuuliza.

"Wewe."

Nilidhani anatania.

"Ile mwaka tulianza," alisema. "Kwa ukumbi wa kanisa. Ulikuwa mwembamba, umevaa viatu nyeupe. Uliandika kwa manila: Ona, Andika, Peleka. Ukatuambia tuimbe. Ukasema mkono wa mhudumu uishie mlangoni, mtu asiguse mama wala mtoto. Kuna mmoja alikuwa amepea mtoto dawa na mtoto akakufa. Ukasema ukisikia mwingine, utamshtaki mwenyewe."

Nilikumbuka ukumbi. Nilikumbuka karatasi ya manila, na jinsi nilivyojivunia maneno yale matatu kwa sababu yalikuwa mafupi. Nilikuwa na miezi michache kazini, nikatumwa kwa siku tano kuwafunza wanawake ambao wengi walinizidi umri. Yeye sikumkumbuka.

Nilimwambia kwamba mtihani haukuwa wa wahudumu wa jamii, ulikuwa wa washauri, na mshauri anaruhusiwa kusaidia pale pale. Alisikiliza hadi mwisho. "Hiyo ungeniambia kabla," alisema, akaingia ndani kugeuza nguo.

Chumba kikapewa mwalimu. Yeye ndiye alikuwa na cheti na muda. Sisi wauguzi wawili wa kituo wenye cheti tulikuwa kwenye chanjo, na foleni ya chanjo haiishi. Mwalimu alifika mapema, akapanga viti, akaandika kila kitu kwa mwandiko wa ubaoni. Siku moja aliniita kando.

"Sista, mimi majibu ninayo. Lakini mama akianza kulia, sijui niweke macho wapi."

Nilimwambia atazoea. Nilikuwa na watoto thelathini wakisubiri sindano.

Katika mwezi wake wa pili alikuja mama wa Kaptembwo na mzaliwa wake wa kwanza, mtoto wa siku kumi na moja, uzito umeshuka. Nimesoma maandishi ya mwalimu juu ya ziara ile mara nyingi. Hayana kosa. Aliangalia jinsi mtoto alivyolala, jinsi mdomo ulivyofunguka, akauliza idadi ya nepi. Aliuliza kama mtoto anameza, na mama akasema anameza. Akamwambia arudi baada ya siku mbili, siku ya Ijumaa.

Kesho yake, yaani Alhamisi, mhudumu wa jamii alifika kwa mama huyo katika kuhesabu nyumba. Alimkuta akinyonyesha mlangoni. Aliniambia kwamba alisikiliza kidogo tu na akajua. Mtoto alikuwa akivuta, mashavu yanaingia ndani, lakini hamezi. Alitoa kitabu cha rufaa, akaandika, akampa karatasi.

"Nimetoka huko jana," mama alisema. "Wamesema Ijumaa."

"Nenda leo."

"Nimeambiwa Ijumaa, mathe. Nitaenda Ijumaa."

Alienda Ijumaa mchana. Mwalimu alikuwa akiondoka saa sita, na chumba kilikuwa kimefungwa. Askari wa lango alimwambia arudi Jumatatu. Mimi nilikuwa ndani ya kituo, kwenye chanjo, mlango wa tatu kutoka pale aliposimama. Hakuna aliyeniita, na mama hakujua jina langu wala kazi yangu.

Jumatatu asubuhi mhudumu alipita tena na kuandika karatasi ya pili. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Safari hii alimsindikiza mama hadi barabarani na kusimama naye hadi boda boda ikapatikana, wakaenda moja kwa moja hospitali kubwa. Mtoto alifariki Jumatano. Kwenye fomu waliandika maambukizi ya damu. Sina uwezo wa kusema kwamba angeishi kama angelishwa vizuri Alhamisi. Daktari wa wodi niliyemuuliza naye hakutaka kusema.

Mwalimu alileta ufunguo wa chumba mezani kwangu na hakuwahi kurudi. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Chumba kimefungwa tangu hapo, na mama akiwa na shida anaelekezwa kwenye foleni ya chanjo.

Baada ya mazishi, mhudumu alinipata nikifunga friji ya dawa. Alikuwa na kitabu chake cha rufaa mkononi.

"Sista, ningemwonyesha pale mlangoni Alhamisi, ningekuwa nimevunja sheria?"

"Ndiyo."

"Begi ingerudishwa."

"Ingerudishwa."

"Ungenishtaki?"

Nilitaka kusema hapana. Niliwaza ile karatasi ya manila, niliwaza barua, nikachelewa. Aliona nimechelewa. Alirudisha kitabu ndani ya begi na kuuliza mtihani wa kurudia ni lini.

Tulisoma pamoja kwa wiki sita, kila Jumapili, nje ya mlango wake. Nilimzoeza swali moja baada ya jingine. Nilimwambia ajifanye yuko chumbani na mama, hakuna mtu mwingine. Mwanzoni alichagua jibu lile lile, kisha akaanza kujikamata mwenyewe. "Ngoja," alikuwa akisema, "huyo mama namsaidia hapa hapa." Wiki ya mwisho alipata karibu yote. Kulikuwa na swali moja la mtoto aliyelegea, asiyelia tena, ambalo jibu lake sahihi ni kumpeleka hospitali mara moja. Hilo alilikosa. Alichagua kumsaidia mama pale pale. Nilipomwonyesha, aliweka penseli chini, na siku hiyo hatukuendelea.

Siku ya mtihani nilikuwa na mapumziko, nikaenda naye Milimani. Madirisha ya ukumbi yako chini, na kutoka kwenye ngazi nilimwona vizuri. Wenzake wote walikuwa wakiandika. Yeye alikuwa akifuta. Aliandika, akafuta, akapuliza vumbi la raba, akaandika, akafuta tena pale pale. Msimamizi wa mtihani alipita mara mbili na kusimama nyuma yake. Alitoka wa mwisho, sketi imejaa vipande vya raba.

"Imekuwaje?"

"Sijui. Naweka moja, mkono inarudi kwa ile ingine."

"Lakini ulimaliza?"

"Nilimaliza. Karatasi imetoboka kidogo."

Tulipofika mjini aliniambia tu kwamba ana nyumba za kumaliza kabla ya giza.

Matokeo ya wengine yalitoka baada ya mwezi. Mbele ya nambari yake hapakuwa na alama wala neno, mstari mtupu. Nilipiga simu ofisi yao, nikaelekezwa kwa mtu mmoja, kisha kwa mwingine, hadi nikampata aliyekuwa na faili. Alisema mashine ilikataa kusoma karatasi ile kwa sababu ya ufutaji, kwa hiyo imesomwa kwa macho na watu wawili, kila mmoja peke yake. Wanakubaliana juu ya maswali yote isipokuwa saba. Katika hayo saba, mmoja anaona alama mahali ambapo mwenzake anaona doa lililofutwa. Anahitaji manne kati ya hayo ili apite. Wameipeleka kwa mtu wa tatu. Nilimuuliza mtu huyo ataisoma lini, na akasema hilo halijaandikwa kwenye faili.